Shajara ya mradi: Mafaili ya PSD ya duka yanakuwa PNG, uwazi ukibaki salama

Jumatatu

Duka letu la kuchapa fulana hapa Kariakoo lina folda moja kubwa ya kazi za miaka iliyopita, na karibu zote ni PSD, mafaili ya Photoshop yanayotunza leya (tabaka za mchoro) mojamoja: fulana za mahafali, jezi za timu za mchangani, sare za VIKOBA, kitchen party, misiba. Mteja akirudi kutaka "ile ile ya mwaka juzi", lazima dizaina awepo. Anafungua Photoshop, anazima leya ya rangi ya fulana, anatoa PNG, anampelekea mtu wa mashine. Sasa dizaina anahamia Mwanza mwisho wa mwezi, na kompyuta yenye Photoshop ni ya kwake. Bosi hakuwa na maneno mengi: "Kijana, kabla hajaondoka kila kazi iwe na PNG isiyo na bakigraundi. Dada wa kaunta aitoe mwenyewe, asimsubiri mtu."

Kwa nini PNG na si kingine: mashine yetu ni ya DTF, uchapaji wa kupitia filamu. Inachapa rangi kwenye filamu ya plastiki, inafuatisha wino mweupe juu ya rangi hizo, unga wa gundi unanyunyizwa wino ukiwa bado mbichi, unayeyushwa kwa joto, kisha filamu inabandikwa kwenye fulana kwa pasi ya mashine. Programu ya RIP, ile inayoandaa picha kwa ajili ya mashine, inajua pa kuweka wino mweupe kwa kusoma uwazi wa picha. Palipo wazi kabisa hapawekwi kitu. JPEG haina uwazi, kwa hiyo ukiichapa hivyo hivyo unapata mraba mweupe kifuani. GIF inao, lakini ni wa ndiyo au hapana tu, na rangi zake hazizidi 256. WebP ina hali ya kutopoteza kitu na ina uwazi mzuri, ila inaishia pikseli 16,383 kwa upande mmoja, na RIP yetu haiifungui. Imebaki PNG, kiwango cha W3C, shirika la viwango vya wavuti, tangu 1996: alfa (kipimo cha uwazi wa kila pikseli) ya ngazi 256 kwenye picha za biti 8, na ubanaji unaorudisha kila pikseli kama ilivyoingia.

Jambo ninalotaka kulishika tangu siku ya kwanza ni hili: PNG inatunza kila pikseli inayopewa, lakini haina habari na yaliyotokea kabla haijapewa. Kazi yote ya mradi huu iko huko kabla.

Jumanne

Sijabadilisha faili hata moja. Nimeandika skripti fupi ya Python inayosoma vichwa vya mafaili tu na kuandika orodha.

Kichwa cha PSD ni baiti 26. Zinaanza na herufi 8BPS, halafu namba ya toleo (1 ni PSD ya kawaida, 2 ni PSB, ile ya picha kubwa zinazovuka pikseli 30,000 kwa upande), kisha idadi ya chaneli (yaani tabaka za namba, moja kwa kila rangi na moja kwa uwazi), urefu, upana, kina cha biti na aina ya rangi. Kwenye aina ya rangi, 3 ni RGB (rangi za skrini) na 4 ni CMYK (rangi za wino wa uchapaji). Kwa baiti hizo chache unajua tayari nani atasumbua.

Kuna namba nyingine iko ndani zaidi, kwenye sehemu ya leya, ambayo imenisaidia kuliko zote. Ni idadi ya leya, na inaweza kuwa hasi. Ikisomeka -12, maana yake leya ni 12 na chaneli ya kwanza ya alfa imebeba uwazi wa picha iliyounganishwa, yaani leya zote zikiwa picha moja. Ikisomeka 12 bila alama, picha iliyounganishwa haina uwazi wowote. Mara nyingi utakuta leya ya chini kabisa ni ile nyeupe iliyofungwa, Background, ambayo dizaina hakuigusa tangu alipoanzisha kazi.

Orodha imetoka hivi kwa ujumla wake: wengi ni RGB ya biti 8, wachache ni CMYK (vipeperushi na kadi, kazi za ofseti), PSB ni mabango tu. Na kuna kundi la mafaili yaliyohifadhiwa bila picha iliyounganishwa, kwa sababu kuna mtu aliwahi kuzima chaguo la Photoshop la kuongeza upatanifu ili mafaili yawe mepesi. Hayo yanatambulika kwa bendera moja ndani ya rasilimali namba 1057. Ukiyafungua kwenye programu nyingine unapata ukurasa wenye ujumbe badala ya mchoro.

Jumatano

Njia rahisi ya kugeuza PSD kuwa PNG ni kuchukua ile picha iliyounganishwa ambayo Photoshop yenyewe iliihifadhi mwishoni mwa faili. Ni ya haraka, na kila efekti, kivuli na marekebisho ya rangi yamo tayari. Nimeanza na nembo ya kikundi kimoja cha VIKOBA: maandishi ya kijani kibichi, kingo laini, yanachapwa kwenye fulana nyeusi. Nimeichomoa kwa skripti yangu ndogo inayosoma chaneli kama zilivyo, nikahifadhi PNG, nikamtumia mtu wa mashine achape kipande cha majaribio.

Kajibu mara moja: "Kaka, hii ina ukungu pembeni ya herufi."

Kweli unao. Kwenye skrini yenye ukurasa mweupe hauonekani kabisa, kwenye kitambaa cheusi unaonekana kama chaki. Nimekuza ukingo wa herufi mpaka pikseli mojamoja. Kijani cha katikati ya herufi ni 0, 80, 40 (nyekundu, kijani, bluu, kila moja kati ya 0 na 255). Pikseli ya ukingoni yenye alfa 128, yaani nusu, ilipaswa kuwa na kijani hichohicho huku alfa ikifanya kazi ya kufifisha. Badala yake ina 127, 167, 147.

Sababu ni namna Photoshop inavyohifadhi picha iliyounganishwa: rangi za pikseli zenye uwazi nusunusu huchanganywa kwanza na nyeupe. PNG haifanyi hivyo. Kwenye PNG rangi hukaa safi upande wake na alfa upande wake. Ukihamisha namba jinsi zilivyo, weupe unahama nazo, na ukiweka juu ya nyeusi pikseli ile inatoka 64, 84, 74, kijivu chenye uvuguvugu wa kijani, badala ya 0, 40, 20.

Dawa inajulikana. Toa weupe kwa hesabu: rangi iliyohifadhiwa, toa sehemu ya nyeupe, gawanya kwa alfa. Pikseli yangu inarudi 0, 80, 40 bila shida. ImageMagick hufanya hesabu hii yenyewe inaposoma PSD, na ina swichi ya kuizima kwa asiyeitaka.

Lakini nimeendelea kushuka hadi kwenye pikseli zilizofifia zaidi, na huko mambo si mazuri. Chukua alfa 3. Baada ya kuchanganywa na nyeupe, kila chaneli inaweza kuwa 252, 253, 254 au 255 tu. Thamani 256 za mwanzo zimebanwa kwenye vyumba vinne. Kijani chetu 0, 80, 40 kikipita humo na kurudi kinatoka 0, 85, 0. Bluu imetoweka. Kwa kingo za herufi hakuna jicho litakaloona. Kwa kivuli kipana au moshi unaofifia taratibu, ile mistari ya rangi inaonekana, hasa picha ikikolezwa.

Kwa hiyo faili la PNG linaweza kuwa halijapoteza hata biti moja, na bado picha ikawa imeshapoteza. Hili nimeliandika kwa herufi kubwa kwenye ubao wa karakana.

Alhamisi

Njia ya pili: kuacha picha iliyounganishwa na kujenga upya kutoka leya zenyewe. Kwenye leya, rangi zimehifadhiwa safi bila weupe, na alfa ni chaneli yake peke yake. Natumia psd-tools, maktaba ya Python. Angalizo kwa atakayefuata: bila kuiambia ipuuze picha iliyohifadhiwa, inakurudishia hiyohiyo, na utadhani umejenga upya kumbe umerudi palepale pa Jumatano.

Nembo ya VIKOBA imetoka safi. Ukungu hakuna. Hata fonti haikuhitajika, kwa sababu leya ya maandishi hubeba ndani yake picha ya maandishi kama yalivyoonekana mara ya mwisho ilipohifadhiwa. Hilo limeniokoa, maana nusu ya fonti za kazi hizi hakuna ajuaye zilitoka wapi.

Furaha imeishia kwenye fulana za mahafali. Kivuli chini ya jina la shule: hakipo. Ukingo wa dhahabu kuzunguka mwaka: haupo. Vivuli na kingo za namna hii havikuchorwa kama pikseli. PSD inahifadhi maagizo tu (rangi gani, upande gani, umbali gani), na Photoshop huyatekeleza inapofungua. Maktaba yangu hutekeleza machache kati ya hayo. Leya za marekebisho ya rangi nazo ni vivyo hivyo.

Basi nimegawa mafaili kwa skripti, si kwa macho. Lisilo na efekti wala leya ya marekebisho linajengwa upya kutoka leya. Lenye navyo linakwenda kwenye foleni ya kompyuta ya dizaina, Photoshop ilitoe PNG kwa injini yake, maana hiyo ndiyo pekee inayojua ilimaanisha nini. Dizaina ameridhia kuiacha mashine yake iwake usiku. Nimemwachia skripti ya Photoshop inayofungua, kuzima leya za chini nilizotaja kwenye orodha, kutoa, na kufunga bila kuhifadhi. Hilo la mwisho ni muhimu kuliko mengine yote. PSD za asili zimeshanakiliwa kwenye diski mbili, moja iko nyumbani kwa bosi, lakini sitaki skripti ya usiku iandike juu ya kitu.

Ijumaa

Leya za chini. Nilifikiri zingekuwa kazi ya dakika chache.

Dizaina huweka chini rangi ya fulana ili aone kazi itakavyokaa. Wakati mwingine ni rangi tupu, wakati mwingine ni picha ya fulana yenyewe na mikunjo yake. Ikibaki wazi, PNG inatoka imejaa kona hadi kona. Majina hayasaidii: nimekuta "fulana", "tshirt nyeusi", "bg", "usiguse", na zaidi ya zote "Layer 1 copy 7". Kanuni niliyotumia ni ya umbo: leya ya chini kabisa, inayofunika ukurasa mzima, isiyo na pikseli hata moja yenye uwazi, inazimwa. Kwa fulana za kawaida imefanya kazi vizuri. Kwa mabango imeharibu, kwa sababu bango halali lina rangi ya nyuma. Mabango nimeyatoa kabisa kwenye kanuni hiyo. Yanachapwa kwenye plastiki, uwazi hayauhitaji.

Picha za fulana zenye mikunjo zimeponyoka kanuni, maana zenyewe zimekatwa na hazifiki kona. Hizo ameziangalia dada wa kaunta kwa macho, kwa kuwa yeye anajua kazi zote kwa sura za wenyewe. "Hii ya kwaya, fulana si sehemu ya mchoro kaka, zima." Amekuwa haraka kuliko skripti.

Jumatatu ya pili

Jezi. Faili moja lina mchoro wa mbele, na mgongoni kuna kundi la leya kwa kila mchezaji, jina na namba, zote zimefichwa isipokuwa ya mwisho aliyechapiwa. Kutoa picha moja hapa ni kutupa timu nzima. Nimeandika kipande kinachozunguka makundi, kinawasha moja moja, na kutoa PNG kwa kila jina.

La kushika hapa ni ukurasa. Ukitoa leya peke yake, unapata mstatili uliokatwa kwenye mipaka ya pikseli zake, na mahali ilipokuwa panapotea. Jina refu na jina fupi yakitoka hivyo, mtu wa mashine atayaweka katikati kwa kukadiria, na namba zitapanda kwa mmoja na kushuka kwa mwingine. Nimelazimisha kila PNG iwe na ukubwa wa ukurasa wote wa asili. Mafaili hayakunenepa kwa kiasi cha kuogopesha, kwa kuwa eneo tupu hubanwa likawa karibu na si kitu.

Jumanne ya pili

Mtu wa mashine kaniita: mchoro wa kifuani umefunguka kwenye RIP ukiwa na upana wa zaidi ya mita moja.

Pikseli ni zilezile 3,000. Kwenye PSD kuna rasilimali inayosema pikseli 300 kwa inchi, kwa hiyo upana ni sentimita 25.4. PNG niliyoijenga kutoka leya haikubeba habari hiyo, RIP ikachukua 72, na 3,000 gawanya kwa 72 ni karibu inchi 42. PNG ina mahali pake pa kuandika hili, kipande kiitwacho pHYs, ila kinahesabu pikseli kwa mita: 300 kwa inchi inaandikwa 11,811. Sasa skripti inasoma thamani kutoka PSD na kuiandika kwenye kila PNG. Nimeongeza na wasifu wa rangi wa ICC (maelezo ya namna namba za rangi zinavyopaswa kuonekana) uliokuwa kwenye faili la asili, la sivyo kila programu inakisia rangi kwa hisia zake.

CMYK nimeamua kutoyagusa. PNG haina CMYK. Kuyageuza kwenda RGB kunawezekana, lakini hakuna kurudi pale pale ulipotoka, na kazi hizo zilikuwa za ofseti, hazihusiani na DTF. Yamehifadhiwa kama TIFF yenye leya zilizounganishwa, pamoja na PSD zake. Bosi alitaka "zote PNG"; nimemwonyesha nyekundu ya nembo ya mteja mmoja kabla na baada ya kugeuzwa, akasema ziachwe.

Jumatano ya pili

Ukaguzi. Kwa kila PNG, skripti inaifungua tena baada ya kuiandika na kuilinganisha pikseli kwa pikseli na ile iliyokuwa kwenye kumbukumbu. Tofauti inayokubalika ni sifuri. Kisha inapita oxipng, programu ya kubana PNG, ipunguze ukubwa, halafu inalinganishwa tena. oxipng ina chaguo la kufuta rangi zilizojificha chini ya pikseli zenye alfa 0 ili faili lipungue zaidi. Sikulitumia. Rangi hizo hazionekani, lakini nikiruhusu tofauti moja "isiyo na madhara", kipimo cha sifuri hakina maana tena.

Halafu nikatengeneza picha nyingine ya kukagua, na hii ndiyo imefichua uchafu: pikseli yoyote yenye alfa zaidi ya 0, hata 1, inageuzwa nyeusi kabisa. Nembo zilizoonekana safi zimetoka na madoadoa kila mahali. Ni mabaki ya kifutio laini. Dizaina alifuta bakigraundi ya picha kwa brashi, kwenye skrini ikaonekana imekwisha, kumbe imebaki alfa ya 2, ya 4, ya 7. Macho hayaoni. RIP inaona, inaweka nukta ya wino mweupe, unga wa gundi unashika, na mteja anauliza kwa nini fulana yake nyeusi ina vumbi lisilotoka kwa kufua.

Hapa palikuwa na mjadala. Mtu wa mashine alitaka alfa ndogo zote zifutwe moja kwa moja. Kwa uchapaji ana haki: DTF haipendi uwazi nusunusu, wino mweupe mwembamba haushiki gundi vizuri na huanza kubanduka. Lakini leo tuna DTF, kesho mteja yuleyule atataka nembo hiyo kwenye tovuti au kwenye video, na kule kivuli laini ni halali. Tumekubaliana nakala mbili. Ya kwanza ni ya hifadhi, haiguswi. Ya pili ina "-dtf" mwishoni mwa jina, alfa chini ya kiwango fulani imefutwa na kingo zimekazwa, na kiwango hicho kinachaguliwa kwa aina ya kazi. Ya pili ikipotea inatengenezwa tena kutoka ya kwanza. Kinyume chake haiwezekani.

Alhamisi ya pili

Dada wa kaunta ameanza kuzitumia. Tatizo la kwanza halikutoka kwenye skripti: mteja aliomba nembo yake kwa WhatsApp, akatumiwa kama picha, ikamfikia JPEG yenye bakigraundi. WhatsApp huzibana picha upya. Ikitumwa kama dokumenti inafika ilivyo. Kikaratasi kimebandikwa kwenye kaunta: "PNG itumwe kama DOKUMENTI."

Foleni ya usiku kwenye kompyuta ya dizaina bado ina mafaili, mengi yakiwa ya mahafali yenye efekti nzito. Yale yaliyohifadhiwa bila picha iliyounganishwa nayo yamo humo, maana yenye efekti hayana njia nyingine isipokuwa Photoshop. Nimeyasogeza mbele ya foleni, yatangulie ya shule ambazo huagiza kila mwaka. PSB za mabango zitasubiri; hakuna aliyewahi kurudi kuomba bango la mwaka juzi.